Days Gone, Mad Max, Mafia III au The Order: diski ipi ya alama za wastani ubebe ukitoka mjini

Diski zilikuwa nne, bei ilikuwa moja. Muuzaji alizipanga juu ya kioo cha kaunta kama mtu anayegawa karata: Days Gone, Mad Max, Mafia III, The Order: 1886. Zote za PS4, zote za mkono wa pili, kila moja elfu moja na mia tano. "Siste, chagua hapo. Zote ni moto. Kijana atafurahi."

Kijana mwenyewe ni mpwa wangu, yuko kidato cha pili, na alikuwa amesimama nyuma yangu begi likiwa kifuani, kama tunavyolibeba sote tukipita barabara ya Luthuli, Nairobi. Sikuona haja ya kumwambia muuzaji kwamba konsoli ni yangu na kijana ni mgeni wa likizo tu.

Mpwa alikuwa ameshatoa simu. "Anti, hii ina 71. Hii 69, hii 68, na hii ya London ina 63. Si tuchukue ya 71 twende tukale?"

Nilikuwa na pesa ya diski moja. Wengi tunaponunua gemu mjini tuko hivyo hivyo: hatuchagui kati ya gemu bora ya mwaka na takataka, kwa sababu gemu bora ya mwaka bado iko elfu nne na zaidi. Tunachagua kati ya hizi za katikati, ambazo wahakiki walizitazama, wakashusha pumzi, wakaandika "si mbaya". Na hapo katikati ndipo namba inapokudanganya kuliko mahali pengine popote.

Namba yenyewe imetoka wapi

Alizosoma mpwa ni alama za Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001. Kazi yake ni kukusanya tahakiki za magazeti na tovuti za gemu, kuzigeuza zote ziwe alama juu ya mia, kisha kutoa wastani. Si wastani kama wa mwalimu wa darasa. Wahakiki wengine hupewa uzito kuliko wenzao, na uzito huo hautangazwi. Gemu ikipata 75 kwenda juu hupakwa kijani, 50 hadi 74 ni njano, chini ya hapo ni nyekundu. Diski zetu zote nne ni za njano, na sote tunajua dereva wa matatu hufanya nini akiona taa ya njano.

Mkenya akiona 71 anaweza kuridhika haraka. Chuo kikuu hapa kwetu 70 ni A. Ungeenda nyumbani na 71, kuku angechinjwa. Lakini wahakiki wengi wa gemu husahihisha kwa mazoea ya shule za Marekani, ambako 70 ni C na 60 ni D. Kwa kipimo hicho, gemu ya pesa nyingi ikipata 71 ni kama mtoto wa mkurugenzi aliyeambulia C: wageni wanasema hongera, baba hasemi kitu. Kuna wachache wanaokataa kipimo hicho. Jarida la Edge la Uingereza kwa miaka mingi limeshikilia kwamba 5 juu ya 10 ni wastani kweli, na Famitsu la Japani huwapa wahakiki wanne gemu moja, kila mmoja anatoa alama juu ya 10, jumla inakuwa juu ya 40. Yote haya yakitiwa kwenye chungu kimoja na kukorogwa, kinachotoka ni uji wa namba moja.

Kampuni zenyewe huuogopa uji huo. Studio ya Obsidian ilipotengeneza gemu ya Fallout: New Vegas mwaka 2010, mkataba wake ulisema itapata bonasi gemu ikifika 85 kwenye Metacritic. Ilifika 84.

Halafu wastani huficha ugomvi. Gemu ya Deadly Premonition ilipotoka mwaka 2010, tovuti ya IGN ya Marekani iliipa 2 juu ya 10 na tovuti ya Destructoid ikaipa 10 kamili. Ukichukua wastani wa hao wawili unapata gemu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeicheza. Kwa hiyo nilimwambia mpwa aachane na namba kwanza, atafute lalamiko. Kila gemu ya njano ina lalamiko lake kubwa, moja au mawili, ambalo karibu wahakiki wote wamelirudia. Hilo ndilo la kununulia au la kukatalia, kwa sababu unaweza kujiuliza kama linakuhusu.

Waifai iko nyumbani au haiko?

Kabla ya kwenda kwenye diski moja moja, kuna jambo ambalo tahakiki za ng'ambo hazikuambii, kwa kuwa walioandika hawakuwa na sababu ya kulifikiria.

Alama ya Metacritic hujengwa zaidi wiki gemu inapotoka. Hata mhakiki akirudi mwaka mmoja baadaye akapandisha alama yake, Metacritic hubaki na ile ya kwanza. Gemu nayo haikai ilivyokuwa. Watengenezaji hutuma masasisho, kasoro zinazibwa, mwendo unalainika. Ndiyo maana utasikia watu wakisema Days Gone ya leo si ile iliyopewa 71 mwaka 2019. Ni kweli kabisa, ila ni kweli kwa mwenye faiba.

Masasisho hayamo kwenye diski. Diski ilichapwa kiwandani kabla gemu haijatoka, na kilichomo ni toleo la wakati huo. Mara nyingi liko nyuma hata ya lile walilocheza wahakiki, maana wao hupewa sasisho mapema. Mwenye faiba ataweka diski, atasubiri gigabaiti zishuke, atacheza gemu iliyokwisha kutengenezwa. Mimi wakati huo nilikuwa nawasha hotspoti ya simu, na sasisho la gemu moja lingemeza bando langu la mwezi kabla ya saa ya chakula cha jioni. Kwa hiyo mtu kama mimi akiweka diski na kuendelea bila kusasisha, anacheza gemu ya siku ile ya kwanza pamoja na chawa wake wote. Alama ambayo kwa jirani mwenye faiba imepitwa na wakati, kwangu bado ni mbichi.

Sasa turudi kaunta.

Days Gone (71)

Ilitoka Aprili 2019, kazi ya Bend Studio ya Oregon, Marekani, na hadithi yenyewe iko Oregon: misitu, milima, theluji. Wewe ni Deacon St. John, mtu wa genge la pikipiki, miaka miwili baada ya ugonjwa kugeuza watu kuwa mazombi wanaoitwa Freakers. Mkeo amepotea. Rafiki yako anaumwa. Ulichobaki nacho ni pikipiki.

Na pikipiki hiyo hula mafuta. Hili liliwaudhi wahakiki kadhaa, lakini kaka yangu anayeendesha boda aliposhika pedi alicheka mpaka akaiweka chini. "Hii gemu inanijua." Unatoka kambini na tangi nusu, unakuta daraja limefungwa, unazunguka, taa ya mafuta inawaka, na kituo cha petroli kiko upande wa pili wa msitu uliojaa vitu vinavyouma. Pikipiki ikiharibika unatafuta vyuma vya kuitengenezea. Ukitaka kusevu lazima uwe karibu na pikipiki au kitanda. Nitarudi kwenye hilo la kusevu.

Malalamiko makubwa yalikuwa matatu: inaanza polepole mno, misheni zinajirudia, na siku ya kutoka ilikuwa na hitilafu, picha zikikwamakwama (fremu zikishuka) ukikimbiza pikipiki na sauti ikikatika. Mawili ya kwanza hayatibiwi na sasisho lolote. Hadithi kuu inataka zaidi ya saa 30, na sehemu ambayo kila mtu huisifu, ile ya kupambana na kundi la mamia ya Freakers wanaokujia kama maji ya mafuriko, inakuja ukiwa umeshatumia saa nyingi kufanya kazi za mtumwa. La tatu lilitibiwa vizuri. Ukiwa na PS5 na intaneti, diski hii hii ya PS4 ikisasishwa inakwenda mpaka fremu 60 kwa sekunde na utajiuliza wahakiki walikuwa wanaona nini.

Kwa hiyo 71 hii ina nyuso mbili. Mwenye intaneti ananunua kitu cha juu zaidi ya 71. Asiye na intaneti ananunua kitu cha chini kidogo. Mpwa hakupenda jibu hilo. Alitaka namba ibaki namba.

Tena kuna hili la wahakiki wenyewe. Mtu aliyepewa gemu ya saa 30 na siku chache za kuandika, hucheza mchana na usiku. Misheni ikijirudia mara ya kumi ndani ya siku mbili lazima aione kero. Mimi nikitoka kazini nacheza saa moja, labda moja na nusu, kisha nalala. Kwa mwendo huo kujirudia kunageuka kuwa kitulizo. Unajua kazi ni ipi, unaifanya, unazima. Kwa hiyo "inajirudia" ni lalamiko ambalo ninalipunguza uzito kila ninapolikuta, isipokuwa kwa mtu anayecheza likizo nzima kutwa.

Mad Max (69)

Hii ilikuwa na bahati mbaya ya tarehe. Kule Marekani ilitoka 1 Septemba 2015, siku ile ile ya Metal Gear Solid V, gemu iliyopata alama za tisini na kitu. Ni kama kufungua kibanda cha chai kando ya harusi ya watu mashuhuri. Wengi hawakuiona.

Avalanche wa Sweden ndio walioitengeneza. Max amenyang'anywa gari lake jangwani, anakutana na fundi mwenye kibyongo anayeitwa Chumbucket, ambaye anaamini gari ni kitu cha kuabudiwa, na wawili hao wanajenga gari jipya, Magnum Opus, kipande kwa kipande. Nimewahi kushinda Jumamosi nzima barabara ya Kirinyaga, kule wazee bado wanaita Grogan, nikingoja fundi anitafutie kioo cha pembeni cha gari la dada. Chumbucket ni yule fundi. Anakaa nyuma ya gari mkienda, mkipigwa anaruka kutengeneza, na hanyamazi. Pesa ya dunia hiyo ni skrepa. Unapekua mabanda, unavunja mageti, unakusanya vyuma kama mtu wa mkokoteni wa Gikomba, unarudi unanunua bampa yenye miiba.

Wahakiki walisifu vita vya magari, na wana haki. Una kombeo la mkuki wenye mnyororo: unafyatua kwenye tairi la adui, unavuta, tairi linang'oka, gari lake linajipindua mara nne kwenye mchanga. Walisifu dhoruba pia. Mbingu inageuka nyekundu, upepo unabeba mabati na magari mazima, na ndani ya dhoruba hiyo kuna masanduku ya skrepa yanayoruka, ukiwa na roho ngumu unayafukuza. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikiacha sanduku.

Lalamiko: kambi za kuvamia zinafanana, hadithi ni nyembamba. Ni kweli. Ukishavamia kambi ya sita unaijua ya saba. Kupigana kwa mikono kumeazimwa wazi kwenye gemu za Batman za Arkham, na si kwa ustadi ule. Lakini sikiliza vizuri: hayo ni malalamiko ya upishi. Hakuna anayesema chakula kimekuja kibichi. Hitilafu hazikuwa wimbo mkuu wa tahakiki za Mad Max. Hii ni diski unayoweza kuiweka bila intaneti na ukapata karibu kila kitu kilichokusudiwa. Pointi mbili chini ya Days Gone kwenye simu ya mpwa, lakini kwenye konsoli isiyo na intaneti mimi naiweka juu, na siyo kwa kubahatisha.

Mafia III (68)

Mwaka ni 1968, mji ni New Bordeaux, ambao ni New Orleans iliyobadilishwa jina. Lincoln Clay ni kijana mweusi aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, genge la Waitaliano linawaua waliomlea, naye anaamua kulibomoa mtaa kwa mtaa. Hadithi inasimuliwa kama filamu ya matukio ya kweli, watu wakiwa wazee wakihojiwa wanamkumbuka Lincoln. Hapa wahakiki hawakubisha: uandishi na uigizaji ni wa daraja la juu kuliko gemu nyingi za kijani.

Kuna maduka ambayo Lincoln akiingia tu, mwenye duka anatishia kuita polisi. Na polisi wenyewe: fanya kosa kwenye mtaa wa matajiri, wanafika kabla hujamaliza, fanya kosa lile lile kwenye mtaa wa weusi maskini, wanakuja kwa kujivuta, wakija. Tahakiki za Marekani zilieleza hili kwa aya nzima. Kwa msomaji wa Nairobi aya hiyo inaweza kurukwa.

Tatizo lilikuwa kwamba ndani ya hadithi hiyo tamu wameweka kazi moja mara kumi na nane. Wilaya ni tisa, kila wilaya ina biashara haramu mbili, kila biashara unaivuruga kwa kuvunja, kuua na kuiba mpaka hasara ifike kiasi fulani, kisha bosi wake anajitokeza. Hakuna njia ya mkato ya kusafiri. Mji mzima unaukata kwa gari. Juu ya hapo, ilipotoka Oktoba 2016 ilikuwa na hitilafu ambazo hazikujificha: mwanga wa jua unabadilika ghafla, maadui wanasimama wakingoja kuuawa. Mengi yalizibwa baadaye, na toleo la Definitive Edition la mwaka 2020 lina nyongeza zote tatu za hadithi. Ukikuta kasha lenye maneno hayo, liangalie kwanza kabla ya lile la zamani.

Mimi ningeinunua Mafia III kwa ajili ya saa zake tano za mwanzo na saa mbili za mwisho. Katikati ni kazi ya ofisi. Na kwa mtoto wa kidato cha pili, kasha lina 18 kwa sababu za kutosha, matusi ya ubaguzi yakiwemo. Niliirudisha upande wa muuzaji bila mjadala. Mpwa aliona, akanyamaza. (Nyingine nazo si za watoto, najua. Mama yake tumeshaongea.)

The Order: 1886 (63)

Sasa hii ya mkiani. Ready at Dawn, wale waliotengeneza God of War mbili za PSP, konsoli ndogo ya mkononi, waliitoa Februari 2015. London ya karne ya 19 iliyobuniwa upya: wanajeshi wa Meza ya Duara wa King Arthur bado wanaishi, wanapigana na viumbe nusu mtu nusu mnyama, na anayewatengenezea silaha ni Nikola Tesla. Kuna bunduki inayorusha wingu la unga wa chuma, kisha unafyatua cheche, wingu zima linawaka. Unapewa kwa muda mfupi mno. Hiyo nayo ni tahakiki.

Hata leo inapendeza macho kuliko gemu nyingi zilizokuja miaka mitano baada yake. Kuna michirizi miwili myeusi juu na chini ya kioo muda wote, kama sinema, iliyowakera wengi. Kwenye televisheni yangu ya inchi 32 inakera kweli, sitadanganya.

Lalamiko kuu lilikuwa urefu. Saa sita, saba, nane kwa mwenye kuchungulia kila kabati, basi imeisha. Hakuna kucheza na wenzako, hakuna kitu cha kurudia. Sehemu kubwa ni kutazama, kubonyeza kitufe unapoambiwa, kutazama tena. Na hadithi inakatwa inapoanza kuiva, kwa matumaini ya sehemu ya pili ambayo haikuja. Studio yenyewe ilifungwa Agosti 2024. Kwa dola 60 za siku ya kwanza, wahakiki waliona wamepunjwa. Na mimi ningeona hivyo.

Lakini sikutoa dola 60. Ninatoa elfu moja na mia tano, kisha nikimaliza narudisha diski, naongeza kitu kidogo, naondoka na nyingine. Biashara yetu ya mjini iko hivyo. Kwa mtu wa kubadilishana, gemu ndefu ni mzigo: inakaa nyumbani miezi miwili, bei yake inashuka ikiwa juu ya kabati. Gemu ya saa saba inaisha kati ya Ijumaa jioni na Jumapili na Jumatatu iko kaunta ikiwa bado na thamani ile ile. Lalamiko lililoiangusha mpaka 63 kwetu limegeuka sifa.

La pili: karibu hakuna aliyelalamikia hitilafu. Gemu ilitoka ikiwa imekamilika, imeng'arishwa, haihitaji seva wala sasisho la kuokoa maisha. Toleo la diski linatosha.

Kuhusu stima, na ile diski ya tano

Nilisema nitarudi kwenye kusevu. Mtaani kwetu stima hupotea bila salamu. The Order na Mad Max zinajisevu zenyewe mara kwa mara, unapoteza dakika chache. Mafia III pia. Days Gone hujisevu ukimaliza vipande vya misheni, lakini ukiwa unazurura msituni bila kurudi kwenye pikipiki, taa za mtaa zikizimika unapoteza matembezi yote. Nilipoteza saa nzima hivyo kwa diski ya kuazima, nikiwa na mkoba uliojaa vyuma. Hakuna mhakiki aliyekata pointi kwa hilo.

Muuzaji alipoona tunachelewa aliongeza ya tano. "Hii nakupa kwa mia tatu tu, Anthem. Ni ya kampuni kubwa." Mpwa macho yakamtoka: roboti anayeruka, kasha zuri, mia tatu. Nikamwambia aitafute. Anthem ya BioWare ilitoka Februari 2019, haichezeki bila intaneti hata ukiwa peke yako, na EA, wenye BioWare, walitangaza kwamba seva zake zingezimwa 12 Januari 2026. Baada ya siku hiyo diski ni ya kuwekea kikombe. Hapo ndipo alama haina maana kabisa, iwe 54 au 90. Marvel's Avengers iliondolewa sokoni Septemba 2023 lakini ukiwa nayo bado unaicheza peke yako, kwa hiyo usiziweke kapu moja. Kwa gemu yoyote ya mkono wa pili, geuza kasha usome nyuma: ikiandikwa intaneti ni ya lazima, irudishe mpaka ujue seva ziko hai.

Nani achukue ipi

Una faiba na jioni nyingi fupi fupi: Days Gone, na usiangalie nyuma. Una PS5 vilevile: Days Gone zaidi.

Huna intaneti na unataka diski moja ya kukaa nayo mpaka Krismasi: Mad Max. Ningeichagua hata bei ingekuwa mia mbili juu ya nyingine.

Unapenda hadithi kuliko kucheza, una subira ya kazi za kujirudia, na hakuna watoto sebuleni: Mafia III, ikiwezekana ile ya 2020.

Unabadilishana diski kila wiki mbili, au una mgeni wa siku chache: The Order.

Sisi tulikuwa na mgeni wa siku chache. Mpwa alibisha mpaka nje ya mlango. "Anti, umelipia 63 na 71 ilikuwa pale pale kwa bei hiyo hiyo." Nilimwacha abebe kasha ili angalau alione kwa karibu.

Ijumaa usiku alishika pedi yeye, mimi nikitazama. Jumamosi tulipokezana. Jumapili baada ya kanisa tukafika mwisho, jina la kwanza la watengenezaji likapanda kwenye kioo, naye akageuka kunitazama kama mtu aliyepokonywa sahani. "Imeisha? Sasa yule mwingine?" Nikamwambia yule mwingine hakuja na hatakuja.

Jumatatu tulikuwa kaunta tena. Muuzaji aliigeuza diski kwenye mwanga akitafuta mikwaruzo, hakuiona. "Imewashinda ama mmeimaliza?" Tukaongeza mia tatu, tukaondoka na Mad Max.

Kwenye matatu ya kurudi Donholm mpwa alikuwa anafikiri kwa nguvu. "Mimi ile ya London ningeipa 70," akasema.

"70 ya hapa au ya Marekani?"

Alitoa simu, akairudisha mfukoni. Tulipita Jogoo Road yote bila jibu.